Kompresa na Vitufe Vyake: Maneno ya Timu ya Mitambo kwenye Jubilii



Sisi ni wale watu wa nyuma. Kwa miaka hii 25 kwaya imesimama mbele, na sisi tumekaa kule karibu na mlango, kwenye meza yenye nyaya, na mnageuka kututazama siku spika inapopiga mluzi tu. Leo kamati imetupa dakika ishirini tueleze kazi yetu. Tumekubaliana tusijaribu kueleza kila kitu. Tutazungumza juu ya kisanduku kimoja cheusi, chembamba, cha upana wa sentimita 48, kilichofungwa chini ya miksa. Kinaitwa kompresa. Tuna sababu ya kukichagua hicho, na mtaisikia kabla hatujaketi.

Tulipopeleka ombi la kukinunua, mweka hazina wa wakati ule alilisoma, akavua miwani, akatuuliza, "Kompresa? Vijana, mnataka kupaka viti rangi?" Hakuwa na kosa. Kompresa aliyoijua ni ile ya mafundi wa magari huko Ngong Road, ya kujaza upepo kwenye magurudumu na kupuliza rangi. Ile hukandamiza hewa. Yetu hukandamiza tofauti iliyopo kati ya sauti kubwa na sauti ndogo. Tulimweleza hivyo, akasema hajaelewa ila anatuamini, akatia sahihi. Tukaenda Luthuli Avenue watu watatu, tukazunguka maduka mpaka miguu ikauma, tukarudi Adams Arcade na sanduku mapajani ndani ya matatu ya 111. Tulifurahi kama watu waliotoka kupokea mahari.

Sasa hiki kisanduku kinafanya nini? Hebu fikirini mzee nyumbani anatazama taarifa ya habari na rimoti iko mkononi. Msomaji anasema polepole, hamna shida. Tangazo la biashara linaingia kwa kelele, mzee anapunguza. Tangazo likiisha, anarudisha sauti pale ilipokuwa. Kompresa ni huyo mzee, basi. Haina akili zaidi ya hiyo. Vitufe vyake vya kuzungusha vyote vinamwambia mzee namna ya kutumia rimoti.

Kitufe cha kwanza kutoka kushoto kimeandikwa kwa Kiingereza neno lenye maana ya kizingiti, kile kizingiti cha mlango. Hapo tunamwambia mzee ni kelele ya kiasi gani itakayomfanya ainue rimoti. Sauti ikiwa chini ya kizingiti, mzee hashughuliki kabisa. Ikivuka, anaanza kazi. Tukikiweka juu sana, mzee analala, tumepoteza pesa za harambee. Tukikiweka chini sana, anapunguza kila kitu, hata mtu anayenong'ona.

Kitufe cha pili ni uwiano. Kinasema mzee apunguze kwa kiasi gani. Chukueni mfano huu: soprano wamepandisha sauti na wamevuka kizingiti kwa desibeli 12. Uwiano ukiwa mbili kwa moja, zile 12 zinatoka zikiwa 6. Ukiwa nne kwa moja, zinatoka zikiwa 3. Ukiwa kumi kwa moja, inabaki desibeli moja na kidogo, yaani ni kama tumejenga dari na hakuna atakayelipita. Hapo watu wa mitambo huiita limita, na ina kazi yake mwishoni kabisa mwa mlolongo, kulinda spika zisipasuke mtu akiangusha maiki. Kwa waimbaji, kumi kwa moja ni ukatili. Kwaya tunaiweka kati ya mbili na tatu. Mchungaji tunampa nne, na atusamehe kwa kumtoa siri hii, kwa kuwa huanza hoja akinong'ona na kuimaliza akiwa juu ya vidole vya miguu.

Kitufe cha tatu ni kasi ya kushika, na cha nne ni kasi ya kuachia. Hivi viwili ndivyo vilivyotuangusha. Tutavirudia.

Kitufe cha tano, cha mwisho kulia, ni cha kurudisha sauti iliyopungua. Kompresa haipandishi sauti ya mtu yeyote. Tunaomba mlishike hilo, maana hata sisi tulikaa miaka bila kulielewa. Mtu anaponunua hii mashine akifikiri itamwinua mwimbaji mnyonge, amekosea. Mashine huteremsha wenye nguvu. Wakishateremshwa wote, mtu wa mitambo huchukua kitufe cha tano na kupandisha mzigo mzima kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Hapo ndipo mnyonge anaonekana kama ameinuliwa.

Na anapoinuliwa yeye, huinuliwa pia kila kitu kilichokuwa kidogo: feni ya darini, kurasa za vitabu vya nyimbo, mtoto anayeomba maji, na honi za Ngong Road. Mluzi wa spika pia. Mmeshawahi kuona spika inalia wakati hakuna anayeimba, mwalimu ameinua mkono tu na watu wako kimya? Wengi hufikiri maiki imeguswa. Kumbe tumeongeza desibeli 6 kwenye kitufe cha tano. Kwaya ikiimba kwa nguvu, mzee wa rimoti ameshusha, hakuna tatizo. Kwaya ikinyamaza, mzee anaachia, zile 6 zote zinafunguka, maiki inaanza kujisikia yenyewe kupitia spika, na mluzi unapigwa wakati wa maombi. Sasa kila Jumamosi, baada ya kupanga vitufe, tunawaomba mnyamaze kabisa kwa nusu dakika. Wengine hudhani tunawaombea. Tunasikiliza mluzi.

Tuseme pia jambo linalohusu jirani zetu wa Woodley na Jamhuri. Sauti iliyokandamizwa inaweza kugonga kilele kilekile kwenye mita, lakini kwa wastani inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu mabonde yamejazwa. Sikio linachoka. Sikio la jirani ambaye hakuja ibadani linachoka haraka zaidi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA zinagusa hata nyumba za ibada, na tungependa barua ikija hapa isitaje kitufe chetu cha tano.

Basi turudi kwenye vitufe vile viwili vya katikati.

Kasi ya kushika ni muda ambao mzee huchukua kuinua rimoti baada ya kelele kuvuka kizingiti. Hupimwa kwa milisekunde, yaani sekunde moja imekatwa vipande elfu moja. Unaweza kufikiri ni vizuri mzee awe mwepesi kama umeme. Sivyo. Neno la Kiswahili huanza kwa kishindo kidogo. Semeni "pokea". Semeni "tukuza". Semeni "kwaya". Kile kishindo cha p, cha t, cha k, kinakuja mwanzo kabisa na kinapita upesi. Mashine ikishika kwa milisekunde moja, inakiponda kile kishindo, na mshirika wa nyuma anasikia "okea" na "ukuza". Kayamba nayo inageuka kuwa mchanga unaomwagwa. Tukiipa milisekunde 20 au 30, kishindo kinapita salama kisha mkono ndio unashuka. Miaka kadhaa mwalimu amekuwa akiwakemea tena na besi kwamba wanakula maneno. Baadhi ya hayo maneno tuliyala sisi.

Kasi ya kuachia ni muda wa mzee kurudisha sauti baada ya tangazo kuisha. Akirudisha upesi mno, sauti inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyekimbia kutoka Dagoretti Corner mpaka hapa. Akichelewa mno, atakayezungumza baada ya tangazo anazungumza huku sauti ingali imeshushwa. Kwa kwaya, robo ya sekunde au pungufu kidogo inatosha.

Sasa tuwaambie kilichotokea.

Wengi mnaikumbuka ile wiki tuliyorekodi nyimbo hapa ndani usiku, tukisubiri matatu zipungue barabarani. Mnakumbuka chai ya tangawizi kutoka kwa akina mama. Katika wimbo mmoja, kwaya nzima inamaliza kiitikio kwa nguvu zote, kimya kinapita muda wa pumzi moja, kisha Mama yetu wa alto anaanza ubeti peke yake, kwa sauti ya chini. Hatutamtaja jina. Kila aliyeimba hapa anajua ni nani, na familia yake iko nasi leo, safu ya tatu.

Wakati ule hakuna aliyekuwa ametufundisha kompresa. Tulijifunza kwenye simu. Mmoja wetu alipata somo zuri sana la video, mwalimu akionyesha mashine mashuhuri iitwayo 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam wa Marekani mwaka 1967, ambayo siku hizi hutumika pia kama programu ya kompyuta. Tulilitazama somo hilo mpaka tukalijua kwa moyo. Mwalimu alisema: ukitaka iachie upesi, zungusha mpaka mwisho wa kulia. Na kwenye 1176 ni kweli. Ndivyo ilivyotengenezwa: kulia ni upesi, kushoto ni polepole, kwa kushika na kwa kuachia. Lakini kompresa yetu, kama nyingine nyingi, inakwenda kinyume. Kulia ni polepole. Maandishi yapo palepale chini ya kitufe, madogo, na sisi tulikuwa na tochi. Hatukusoma. Tulizungusha mpaka mwisho wa kulia, tukaamini tumeweka upesi kabisa, kumbe tumeweka karibu sekunde tatu.

Hatukuishia hapo. Tulitaka kwaya isikike kama nyimbo za redioni, basi tukaweka uwiano kumi kwa moja na kizingiti chini. Taa nyekundu zinazoonyesha sauti imeshushwa kiasi gani ziliwaka zote kwenye kiitikio. Tulizionea fahari. Tulipiga picha.

Hesabu yake ni rahisi. Kiitikio kinaisha, mashine imeshusha sauti kwa zaidi ya desibeli 10 na haitamaliza kuachia mpaka sekunde tatu zipite. Mama anaanza baada ya pumzi moja. Maneno yake manne ya kwanza yote yameangukia ndani ya zile sekunde. Ukisikiliza, ni kama mtu anaimba nyuma ya mlango, na mlango unafunguka polepole, mpaka neno la tano ndipo anaingia chumbani.

Tulilisikia usiku ule? Kusema kweli, tulisikia kitu. Tulikuwa tumechoka, ilikuwa saa saba za usiku, na mmoja alisema Mama ameanza kwa unyenyekevu, ni vizuri. Tukafunga nyaya tukaenda kulala.

Alipolala katika Bwana, familia ilituomba tupige wimbo ule kwenye ibada ya mazishi. Tuliupiga. Watu walilia, na sisi tulilia. Baada ya ibada mumewe alikuja kwenye meza yetu, akatushukuru mmoja mmoja kwa mkono, halafu akauliza swali dogo: "Mbona mwanzo wake hausikiki? Siku hiyo alikuwa ameshaanza kuugua?"

Hatukujibu. Tulisema pole mzee, tukainamia nyaya.

Alirudi nyumbani akifikiri mkewe alikuwa akiumwa usiku ule na hakumwambia. Tuliliacha hivyo kwa miezi kadhaa, kwa aibu. Mwishowe tulikwenda nyumbani kwake watu wanne, tukiwa na spika ndogo na kompresa yenyewe ndani ya mfuko. Tulimwambia, "Mzee, Mama hakuwa mgonjwa. Aliimba sawasawa, alianza kwa sauti safi na kila aliyekuwa chumbani alimsikia. Ni sisi tuliogeuza kitufe upande usiofaa." Tukamwonyesha. Tulipiga makofi kwa nguvu kwenye maiki kisha tukasoma mstari kwa sauti ya chini, akasikia mstari unavyozama. Tukageuza kitufe, tukarudia, akausikia wote. Alikitazama kile kitufe muda mrefu. Kisha akasema tuje tuwaambie kwaya, na tusimfiche mtu tena jambo kama hilo. Ndiyo sababu tumesimama hapa.

Mtauliza, je, haiwezi kurekebishwa? Tulijaribu. Kama tungekuwa tumehifadhi rekodi mbichi ya maiki yake, kabla haijapita kwenye mashine, ingekuwa kazi ya jioni moja. Hatukuhifadhi. Tulirekodi kile kilichotoka upande wa pili wa kompresa, na kilichokandamizwa wakati wa kurekodi hakikunjuki tena. Tulichofanya ni kuchukua yale maneno manne kwenye kompyuta na kuyapandisha kwa mkono, silabi kwa silabi, kinyume cha mashine ilivyoyashusha. Sasa yanasikika. Lakini feni imepanda pamoja nayo, na kuna mtu anafungua ukurasa, na mlio wake umekuwa mkubwa kama mlango. Familia imepewa nakala hiyo. Mzee anasema anaipenda kuliko ya kwanza, hata na feni.

Tangu hapo tunarekodi mara mbili kwa wakati mmoja: kila maiki kwa faili yake, mbichi, bila kuguswa na chochote, na pembeni mchanganyiko wa kusikiliza siku hiyohiyo. Mafaili yanajaza diski upesi, na tumeshakuja kwenye kamati mara mbili kuomba nyingine. Mkituona tena, mjue ni hiyo.

Kuna jambo moja la upande wenu wanakwaya, na tunalisema kwa upendo. Maiki moja ya soprano inasimama mbele ya akina dada saba. Kompresa haiwaoni saba. Inaona sauti moja. Dada mmoja akipiga kelele kupita wenzake, kizingiti kinavukwa, na mzee wa rimoti anawashusha wote saba, pamoja na yule wa pembeni ambaye hata hakuwa akisikika vizuri. Hatuna kitufe cha kutenganisha hilo. Mwenye kitufe hicho ni mwalimu, kwa mkono wake wa kushoto, ule anaoushusha kiganja kikitazama sakafu. Kwa hiyo mkiona mkono ule mazoezini, fahamuni kwamba kama hamkumtii yeye, sisi tutawashusha kwa mashine, na mashine haichagui mwenye hatia.

Vijana wamekuwa wakituuliza kwa nini tusiiache kabisa. Mwalimu naye aliwahi kusema hivyo, tena kwa ukali. Alituletea sidii ya Missa Luba iliyoimbwa na Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga, akatukalisha, akasema sikilizeni sauti ndogo ilivyo ndogo na kubwa ilivyo kubwa. Ni kazi nzuri sana, na tulimwelewa. Kwenye noti zenu za do-re-mi kuna alama za kuimba polepole na kuimba kwa nguvu, na mashine iliyowekwa vibaya huzifuta zote.

Lakini hatukubaliani naye mpaka mwisho, na yeye anajua. Mshirika anayesikiliza nyimbo zenu ndani ya matatu, injini inanguruma na dirisha limefunguliwa, hawezi kusikia sauti ndogo ya kweli. Ataongeza sauti ya simu ili amsikie alto, kisha kiitikio kimpasue masikio. Huyo anahitaji mabonde yajazwe kidogo. Vituo vya redio hufanya hivyo kila siku, kwa sababu hiyohiyo. Na humu ndani, anayeketi chini ya roshani nyuma hapati nusu ya mnachonong'ona. Tunakandamiza kwa ajili ya hao wawili, na tunakandamiza kidogo.

Kidogo ni kiasi gani? Tunapanga hivi. Tunaweka uwiano kwenye tatu, kushika na kuachia katikati, kitufe cha tano kwenye sifuri. Tunamwomba mwalimu mstari wenu mkubwa kuliko yote, uimbwe kweli, si mazoezi ya mdomo nusu. Tunateremsha kizingiti polepole mpaka taa nyekundu zionyeshe desibeli 3 au 4, sita zikizidi sana. Kisha tunaomba mstari mdogo kuliko yote, na hapo taa zote zinapaswa kuzimika. Zikibaki zinawaka, kizingiti kiko chini mno, tunakipandisha. Halafu tunaomba mistari hiyo miwili ifuatane, mkubwa kisha mdogo, mara tatu au nne, na mmoja wetu anakwenda kusimama nyuma kabisa, macho yamefungwa, anasikiliza neno la kwanza la mstari mdogo. Hilo neno la kwanza ndilo linalotuamulia kitufe cha kuachia. Ndiyo maana Jumamosi mnarudishwa kwenye kiitikio kilekile mpaka mnanuna. Mwisho tunagusa kile kitufe cha kuipita mashine, kuwa nayo na kutokuwa nayo, sauti zote mbili zikiwa na ukubwa sawa. Usawa huo ni muhimu, maana kilichopandishwa kidogo hudanganya sikio kuwa ni kizuri zaidi. Kama hatusikii faida, tunaiacha imepitwa. Jumapili nyingi huwa hivyo.

Juu ya kitufe cha kuachia tumebandika mshale wa karatasi nyekundu na maandishi makubwa ya Kiswahili: POLEPOLE HUKU. Atakayekuja baada yetu hatahitaji tochi.

Anayetaka kujifunza, awe mama, baba au kijana wa shule, aje Jumamosi saa nane mchana kabla ya mazoezi. Tutamwachia avizungushe mwenyewe, hata avikosee.

Kesho kwenye ibada ya jubilii wimbo ule utaimbwa tena, na ubeti wa Mama umepewa mjukuu wake. Maiki yake ni ya tatu kutoka kushoto. Ina faili yake peke yake, na waya wake hauendi kwenye kompresa.